Sauti Iliyopigwa Picha

Msomaji akibahatika kuushika ukanda wa zamani wa filamu na kuuinua mbele ya dirisha, ataona picha zimepangana, na kando yake mstari mwembamba, upana wake kama milimita mbili na nusu, uliojaa vijistari vyeusi na vyeupe vilivyobanana. Mstari huo ndio sauti. Hatukuteleza kalamu: maneno ya mwigizaji na mlio wa ala zimo humo, zimepigwa picha.

Namna yake ni hii. Sauti huingia katika maikrofoni ikageuka umeme. Umeme hupelekwa kwenye taa ambayo mwanga wake hupanda na kushuka kwa kuifuata sauti. Na mwanga hupita katika upenyo mwembamba mno ukaugusa ukanda unaokwenda. Wakati wa kuonyesha, kazi hugeuzwa. Taa huumulika mstari, na upande wa pili seli inayohisi mwanga hurejesha umeme ule, nacho kipaza sauti kikautamka. Lipo tatizo moja ambalo ufumbuzi wake umetupendeza: picha hupita kwa kusimamasimama, mara 24 kwa sekunde, ilhali sauti haitaki kusimama hata kidogo. Basi sauti huandikwa yapata picha 20 mbele ya picha yake, mahali ambapo mwendo wa ukanda umekwisha tulia.

Mfaransa Eugene Lauste aliomba hataza ya njia hii huko Uingereza mwaka 1906, lakini hakuwa na chombo cha kukuza umeme dhaifu. Chombo hicho alikuwa nacho Mmarekani Lee de Forest. Yeye naye alikosa taa na seli za kufaa, akazipata kwa Theodore Case, mtafiti wa mji wa Auburn, jimbo la New York. Tarehe 15 Aprili 1923, de Forest alionyesha filamu fupi zenye sauti katika ukumbi wa Rivoli, New York.

Hapo ndipo ugomvi ulipoingia. Case aliona jasho lake linatangazwa kwa jina la mwenzake, na mwaka 1925 wakaachana. Kwa insafu, hatuoni namna ya kumnyima haki yake: bila taa yake, kikuzaji kisingekuwa na cha kukuza. Mwaka 1926 mfanyabiashara William Fox aliinunua kazi ya Case, ikaitwa Movietone. Tarehe 20 Mei 1927 mitambo yake ilinasa muungurumo wa ndege ya Charles Lindbergh ikiondoka kuelekea Paris, na usiku uleule watazamaji wa ukumbi wa Roxy wakausikia, rubani akiwa bado angani.

Wengi hudhani filamu ya *The Jazz Singer*, iliyotoka Oktoba mwaka huo, ilitumia njia hii. La. Sauti yake ilikuwa kwenye sahani za santuri. Sindano ikiruka, au ukanda ukikatika na kuungwa, midomo ilikwenda kwake na maneno kwake. Haikuchukua miaka mingi sahani zikaachwa.

Case alifariki mwaka 1944. Mwaka 1960 Hollywood ilitoa tuzo ya heshima ya Oscar kwa uvumbuzi ulioleta sauti katika filamu. Aliyeipokea ni Lee de Forest.