Bukavu: Namna ya kuchagua chaja ndogo yenye kuchaji mbio simu na komputa

Katika kata nyingi za mji wa Bukavu, umeme hauji kwa saa ambayo mtu anaijua. Unaweza kurudi saa tano ya usiku, watoto wamekwisha kulala, na kuondoka tena kabla ya jogoo kuwika. Mwenye kuamka wa kwanza nyumbani anakimbilia prizi: simu ya baba, simu ya mama, taa ya kuchaji, redio, na komputa ya mwanafunzi ambaye kesho yake anapaswa kupeleka kazi yake ya mwisho wa masomo kwa mwalimu. Prizi ni moja ama mbili. Saa za umeme ni mbili, zikiwa nyingi ni tatu. Ni wakati huo ndipo kile kitu kidogo kinachoitwa chaja, ama « chargeur » kama wengi wanavyosema, kinaonyesha kama kilinunuliwa kwa akili ama kwa haraka.

Delestaje si jambo geni kwa wakaaji wa Bukavu. Kituo cha Ruzizi I, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 pahali mto Ruzizi unapotokea katika ziwa Kivu, kingali kinategemewa na mji ambao umeongezeka mara nyingi tangu wakati ule. Na mara kwa mara takataka za plastiki zinazotupwa ziwani zinafika mpaka kwenye mashine na kuziziba. Mwenye nyumba hana uwezo juu ya hayo yote. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba zile saa mbili za umeme zinaingia kweli ndani ya betri.

Hesabu yake si ngumu. Betri ya simu yenye kuandikwa 5000 mAh inabeba karibu saa-wati 19. Chaja ya zamani ya wati 5 inaijaza kwa zaidi ya saa nne, maana yake usiku wa delestaje hautoshi. Chaja ya wati 10 inataka zaidi ya saa mbili. Ile ya wati 25, kama simu inaikubali, inafanya kazi hiyo kwa muda wa saa moja na kitu, kwani kila simu inapunguza mwendo yenyewe betri ikikaribia kujaa. Komputa ndogo ya kubeba ina betri ya saa-wati 40 mpaka 60. Kwa chaja ya wati 65, nayo inaweza kujaa ndani ya saa mbili hivi ikiwa imezimwa. Kwa chaja ya simu ya wati 10, nyingi zinakataa kabisa, ama zinachaji polepole kuliko zinavyotumia.

Wanunuzi wengi, iwe Kadutu ama katika maduka ya Birere kule Goma, wanaangalia kwanza rangi ya kartoni na ile namba kubwa iliyoandikwa mbele. Kumbe namba inayosema ukweli ni ndogo, na iko kwenye mwili wa chaja yenyewe, karibu na vyuma vya prizi. Pahali palipoandikwa « Input » ni umeme unaoingia: panapaswa kuonyesha 100-240V, na 50/60Hz. Pahali palipoandikwa « Output » ni umeme unaotoka, na pale mnunuzi anapaswa kuzidisha volti kwa ampere. 5V mara 3A ni wati 15. 9V mara 3A ni wati 27. 20V mara 3.25A ni wati 65. Chaja ambayo kartoni yake inatangaza « 65W » lakini mwilini mwake kuna 5V 3.1A peke yake, hiyo ni chaja ya wati 15 iliyovaa nguo ya kuazima. Zinapatikana sokoni, tena hazikosi wanunuzi.

Neno la pili la kutafuta ni « Power Delivery », ama herufi mbili tu, PD. Ni lugha ambayo chaja na chombo vinaongea kupitia tundu la USB-C. Chaja inatangaza volti inazoweza kutoa, kwa kawaida 5, 9, 15 na 20, na simu ama komputa inachagua. Kwa sababu hiyo, ile hofu ya watu wengi kwamba chaja kubwa ya komputa itaunguza simu ndogo haina msingi, ikiwa chaja ni ya kweli. Chaja haisukumi umeme kwa nguvu. Simu ndiyo inayoomba, nayo haiombi zaidi ya kile inachoweza kumeza. Mtu anaweza kubeba chaja moja ya wati 65 na kuitumia kwa simu ya Samsung, iPhone, na komputa, bila kuharibu chochote.

Hata hivyo, lugha hiyo ina lahaja zake. Simu za Samsung zenye kuchaji kwa wati 25 na zaidi zinataka chaja yenye PPS, namna ya PD ambayo inapandisha na kushusha volti kidogo kidogo. Bila PPS zinachaji, lakini kwa mwendo wa chini. iPhone, tangu ile ya 8, zinaridhika na PD ya wati 20, na zinafika nusu ya betri kwa dakika 30 hivi. Oppo na OnePlus zina utaratibu wao wenyewe, na baadhi ya simu za Tecno na Infinix pia. Zile namba kubwa zinazotangazwa kwa simu hizo zinapatikana kwa chaja iliyotoka nazo kwenye kartoni na waya wake. Mwenye simu ya namna hiyo asitupe chaja yake ya kwanza, hata ikiwa kubwa na mbaya kwa macho.

Kwa nini basi watu wengi sasa wanalazimika kununua chaja pembeni? Apple iliacha kuweka chaja ndani ya kartoni mwaka 2020, Samsung ikaifuata mwaka 2021 kwa simu zake za bei kali. Umoja wa Ulaya nao umelazimisha tundu la USB-C kwa simu mpya zinazouzwa kule tangu tarehe 28 Desemba 2024, na kwa komputa za kubeba tangu Aprili 2026. Vyombo vingi vinavyouzwa Bukavu, Uvira ama Butembo vilitumika kwanza Ulaya ama vilipitia Dubai. Kinachoamuliwa huko kinafika hapa baada ya miaka michache, ndani ya makartoni ya vitu vilivyotumika.

Juu ya komputa hizo zilizotumika, inafaa kusimama kidogo, kwani ndipo feza nyingi zinapotea. Tundu la USB-C kwenye komputa si kila mara linapokea umeme. Kuna matundu ya kupitisha faili tu. Lenovo ThinkPad T480 na HP EliteBook 840 G5, zote za mwaka 2018 na zote zenye kuonekana sana sokoni, zinachaji kwa USB-C. Komputa za miaka ya nyuma zaidi, zenye tundu la duara, mara nyingi zinataka chaja yake ya zamani. Kuna waya za kugeuza USB-C kuwa ncha ya duara, na nyingine zinafanya kazi vizuri, lakini volti zake zinapaswa kulingana na zile zilizoandikwa chini ya komputa. Njia fupi ni kuijaribu palepale dukani, kwa jenereta ya muuzaji, kabla ya kutoa franka yoyote. Muuzaji akikataa, mnunuzi amekwisha kupata jibu.

Kuhusu udogo wa chaja mpya, siri yake ni herufi tatu: GaN. Ni nitridi ya galiamu, inayochukua nafasi ya silikoni katika zile sehemu zinazowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde moja. GaN inafanya hivyo kwa mwendo mkali zaidi na inapoteza nguvu kidogo kwa joto, ndiyo maana koili za ndani zinaweza kuwa ndogo. Chaja ya wati 65 iliyokuwa kama tofali na waya wake mrefu, leo inaingia mfukoni, ukubwa wa sabuni ya kuogea iliyotumika nusu. Ni jambo zuri kwa mwenye kusafiri. Lakini neno GaN kwenye kartoni halithibitishi kitu, kwani kuandika hakugharimu. Chaja nyepesi sana kama kopo tupu, yenye maandishi yaliyokosewa ama yanayofutika kwa kidole chenye maji, ni ya kuacha. Hatari ya chaja bandia si polepole tu. Ndani yake, upande wa volti 220 na upande unaogusa simu havitenganishwi vizuri, na siku moja mtu anayeongea huku simu iko kwenye prizi anaweza kupigwa na umeme.

Waya nayo inadanganya. Waya ya USB-C ya kawaida inabeba ampere 3, yaani mwisho wati 60 kwa volti 20. Kupita pale inatakiwa waya ya ampere 5 yenye chipu ndani, na huwa imeandikwa 100W ama 240W. Waya yenye ncha pana ya zamani upande mmoja haipitishi PD hata kidogo. Wengi wanalaumu chaja nzuri wakati kosa ni waya iliyonunuliwa njiani kwenye ungo.

Kuna pia jambo la matundu mengi. Chaja yenye matundu matatu na maandishi 65W haitoi 65 kwa kila tundu. Ikichaji komputa peke yake inatoa 65. Simu ikiongezwa, nyingi zinagawa, kwa mfano 45 kwa komputa na 20 kwa simu. Tundu la tatu likijazwa, komputa inaweza kubaki na kidogo zaidi. Mgawo huo huwa umeandikwa kwa herufi ndogo sana, na anayeununua usiku kwa mwanga wa simu hawezi kuusoma.

Ncha za prizi ni neno dogo lakini linachoma nyumba. Kwetu prizi ni za matundu mawili ya duara. Chaja zinazotoka Dubai ama Kampala mara nyingi zina vyuma vitatu vya bapa, zile za China vyuma viwili vya bapa. Kiunganishi cha bei ndogo kinalegea, kinatoa cheche, kinayeyuka. Heri kutafuta chaja yenye ncha za duara tangu mwanzo. Na umeme ukirudi baada ya kukatika, heri kungoja dakika tano kabla ya kuchomeka: dakika za kwanza ndizo volti zinaruka. Chaja nzuri inavumilia volti kushuka mpaka 150, lakini hakuna chaja ndogo iliyotengenezwa kwa kuvumilia 300.

Wenye pano za jua wana njia nyingine ambayo wachache wanaitumia. Nyumba nyingi zina betri ya volti 12, na juu yake konvertiseri ya kutoa volti 220, na juu yake tena chaja ya kurudisha volti 20. Kila hatua inakula sehemu ya nguvu, na konvertiseri inakula hata ikiwa haina kazi. Chaja ya gari yenye PD ya wati 65, iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 kwa waya nene na fyuzi, inachaji komputa ileile bila konvertiseri. Pale ambapo simu inachajiwa kwa kulipa franka mia kadhaa kila siku, mwenye betri moja ya jua anaweza kuona tofauti ndani ya mwezi.

Kwa nyumba yenye simu tatu na komputa moja, basi, chaja moja ya wati 65 yenye PD na PPS, matundu mawili ya USB-C, na waya mbili nzuri, inafanya kazi ya chaja nne. Umeme ukija saa tano ya usiku, komputa inawekwa ya kwanza ikiwa imezimwa, na simu moja pembeni yake. Simu ikifika 80 kwa mia inatolewa na nyingine inaingia, kwani zile 20 za mwisho zinachukua muda mrefu bila faida kubwa. Chaja inalazwa kwenye simenti ama juu ya kigae, si kwenye godoro wala chini ya mto, kwa sababu ikifanya kazi kwa nguvu yake yote inapata joto, hata ile ya kweli. Saa saba, komputa imejaa. Umeme ukingali upo, redio inapata zamu yake.