Kutafuta Majina ya Mababu katika Bonde la Kilombero

Mzee wa Ifakara akiulizwa nasaba yake, hutaja baba, babu na baba wa babu bila kusita, na pengine huongeza jina la mto au kilima walikotoka. Baada ya hapo mara nyingi habari hukatika, yakabaki maneno machache tu: yule alichukuliwa na vita, hakurudi. Wajukuu wakiuliza ni vita gani, naye alizikwa wapi, hakuna ajuaye. Hapo ndipo karatasi za zamani zinapofaa. Maana Wajerumani walioitawala nchi hii kwanza, na Waingereza waliowafuata, walikuwa watu wa kuandika. Waliandika ili wapate askari na wapagazi, na ili watoze kodi. Hawakukusudia hata kidogo kuwawekea Wapogoro, Wandamba, Wambunga na Wabena wa bondeni habari za jamaa zao. Walakini kwa kuandika kwao majina mengine yamesalimika.

Kazi huanza nyumbani. Atafutaye hana budi kuwauliza wazee jina la ukoo, mwiko wake, na jina la jumbe aliyekuwa juu ya watu wao. Pia aulize kijiji kilikuwa wapi kabla watu hawajahamishwa, kwa kuwa wengi waliacha mahame yao kati ya mwaka 1974 na 1976, vilipoundwa vijiji vya ujamaa. Jambo la jumbe si dogo, kwani katika hati nyingi mtu hakutambulikana kwa kabila peke yake, bali kwa mkubwa aliyemlipia kodi. Tena ajue kwamba nchi ya Ifakara ilihesabiwa zamani chini ya boma la Mahenge. Hata mto Kilombero wageni waliuita Ulanga. Basi akitafuta neno "Ifakara" peke yake, atawapita ndugu zake wengi walioandikwa "Mahenge".

Bonde hili limeona vita vingi. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walilishambulia boma la Mahenge, wakapigwa kwa bunduki za mzinga. Na baada ya vita ikaja njaa iliyoua watu kuliko risasi. Wafu hao ni wachache sana walioandikwa majina. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi kuwauliza wazee waliokuwa hai bado, na masimulizi hayo yaliandikwa. Kwa jamaa nyingi hayo ndiyo ushahidi pekee uliopo.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliacha karatasi nyingi zaidi, lakini si kwa haki. Majeshi ya Wajerumani yalikula mpunga wa bonde na kuchukua vijana wabebe mizigo, hata Wabelgiji walipoitwaa Mahenge mwezi wa Oktoba 1917. Wapagazi wa Wajerumani hawakuandikiwa hesabu kamili ya vifo vyao. Nazo hati nyingi za jeshi la Ujerumani ziliteketea Potsdam, mabomu yalipoanguka mwezi wa Aprili 1945.

Upande wa Waingereza palikuwa na utaratibu. Oscar Watkins, aliyesimamia kikosi cha wapagazi, alitaka kila mtu apewe namba yake na kibati cha kuvaa, na jina lake liandikwe daftarini. Kambi ya kikosi hicho ndiyo iliyoupa mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, jina lake. Inakadiriwa kwamba watu wapata milioni moja walibeba mizigo kwa Waingereza na wenzao, na zaidi ya 95,000 wakafa, wengi kwa maradhi na njaa. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika mikononi mwa jamaa zao, kwa sababu ilisemwa kwamba jamaa hao hawapatikani. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawakumbuka askari na wapagazi pamoja, ila haina jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao penye makumbusho, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa mjukuu wa mpagazi, kukosa jina katika orodha si dalili ya kuwa babu hakwenda.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani ilipotaka kuwalipa askari wake wa zamani malimbikizo ya mshahara, wazee wapata 350 walifika Mwanza, nao wachache tu walikuwa na vyeti. Mwenye kulipa akawapa ufagio mmoja mmoja, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wote wakazitii sawasawa. Mwili ulikumbuka yale ambayo karatasi ilipoteza.

Askari wa K.A.R. walikuwa na bahati zaidi. Kikosi cha Sita kiliundwa mwaka 1917 kwa askari waliokuwa wa Wajerumani, na katika vita vya pili Watanganyika walipigana Bukini mwaka 1942 na Burma mwaka 1944. Aliyeachishwa jeshi alipewa cheti, na vyeti vya namna hiyo huenda vimelala hata leo chini ya nguo katika masanduku ya mabibi. Majina ya waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana yamechongwa katika mawe ya makumbusho ya Rangoon.

Hesabu ya watu, yaani sensa, husaidia kwa namna nyingine. Hesabu ya mwaka 1948 ilionyesha idadi ya watu wa kila kabila, na ile ya mwaka 1967 ilipata watu 12,313,469 katika Tanzania nzima. Lakini kilichochapishwa ni jumla, na majibu ya mtu mmoja mmoja ni siri kwa sheria. Huko Marekani daftari zenyewe hufunguliwa baada ya miaka 72, na za mwaka 1950 zilifunguliwa mwaka 2022. Hata hivyo wajukuu wa watumwa wa majimbo ya kusini hugonga ukuta. Mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana wao. Majina yao yakaanza kuandikwa kwa jumla mwaka 1870. Wengi huuvuka ukuta huo kwa hati za malipo ya askari weusi, maana mjane aliyedai haki yake ilimpasa alete mashahidi wa ndoa yake na wa kuzaliwa kwa watoto.

Katika Kilombero daraja la namna hiyo ni daftari za misheni. Wabenediktini walikuwapo Kwiro, karibu na Mahenge, tangu mwaka 1902, na Wakapuchini kutoka Uswisi walishika kazi mwaka 1921. Daftari la ubatizo huandika wazazi na wasimamizi, na pembeni huongezwa habari ya ndoa. Shida ni herufi. Mjerumani aliandika Dschuma kwa Juma, Schabani kwa Shabani, na Tschande kwa Chande. Tena mtu mmoja aweza kuwa na jina la ukoo katika kodi, jina la utani katika jeshi, na jina la mtakatifu kanisani.

Umri nao usisadikiwe upesi, kwani makarani walikisia kwa kumtazama mtu usoni. Afadhali neno la bibi asemaye kwamba alizaliwa wakati wa njaa ya Maji Maji. Hilo huonyesha karibu na mwaka 1906 au 1907.

Tangu mwaka 1996 watafiti wa Ifakara wamekuwa wakiandika kuzaliwa, kufa na kuhama kwa watu, nyumba kwa nyumba, wakianza na vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga. Hapo kila mtu ana jina lake, na mama yake, na tarehe.