Chai ya Foleni Tunduma (Sehemu ya Pili)

Julai, saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Tunduma haina mzaha. Kungali giza, lakini majiko ya mkaa yameshakolea kando ya barabara kuu na mama lishe ameanza kusukuma chapati. Malori ya mafuta na makontena kutoka Dar es Salaam yamejipanga kuelekea Nakonde, upande wa Zambia. Mengine yatasonga hadi Lubumbashi. Utingo anashuka amejitanda blanketi. Mama anasuuza kikombe kwa maji ya moto, anamimina chai ya tangawizi, anauliza, "Umeamkaje, mwanangu?" Chapati ngapi, litaulizwa baadaye.

Wiki iliyopita makala hii ilikuwa kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi. Safari hii inabaki barabarani, kwa watu waliochoka.

Na foleni inachosha kweli. Tarehe 5 Oktoba 2019, Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, ili lori likaguliwe mara moja badala ya kusimamishwa Tunduma na tena Nakonde. Mambo yalirahisika, ila kusubiri hakukwisha. Karatasi ikikwama, dereva hulala garini na fedha ya safari huyeyuka. Hapo ndipo daftari la mama lishe hufunguliwa: jina la utani la dereva, rangi ya lori, wali maharage sahani mbili. Atalipa akirudi na shaba. Hakuna dhamana wala hati. Mama anachojua ni kwamba mtoto wa mwenzake hawezi kulala njaa mbele ya sufuria yake. Dereva huenda ni Mwislamu wa pwani na mpishi ni Mmoravian. Mwezi wa Ramadhani uji wa futari humsubiri bila kuagizwa.

Mkoa wa Songwe, ulimo mji wa Tunduma, ulizaliwa mwaka 2016 ulipomegwa kutoka Mbeya, lakini imani ya namna hii ina mizizi mirefu hapa. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891 na Mbozi mwaka 1899, ambako Traugott Bachmann alikaa miaka mingi akijifunza Kinyiha. Kanisa lao lilikulia Herrnhut, Ujerumani, miongoni mwa wakimbizi na mafundi. Wawili wa kwanza kutumwa ng'ambo, mwaka 1732, walikwenda kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas huko Karibi: Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Udongo wa kisiwa ukamkatalia Dober, wakaishi kwa useremala wa Nitschmann. Randa na mahubiri vilikaa nyumba moja.

Miaka mitano kabla, tarehe 13 Agosti 1727, watu wa Herrnhut waliokuwa wamegombana vibaya walipatana kwenye Meza ya Bwana, wakawa hawataki kutawanyika. Mwenye ardhi, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, akawapelekea chakula kutoka nyumbani kwake wakale pamoja. Ndilo chimbuko la karamu ya upendo ya Wamoravian: kinywaji, mkate na nyimbo, basi.

Leo vipaza sauti vya mahubiri ya utajiri wa ghafla havikosekani katika miji ya biashara, na aliyeelemewa na madeni hawezi kulaumiwa kwa kusimama kusikiliza. Lakini mahubiri hayo yanamdhulumu mama wa chapati. Yanamfundisha kuiona kazi yake kama adhabu, ilhali ndiyo inayomlisha mgeni na kumpa yeye mwenyewe sababu ya kucheka kabla jua halijachomoza.

Si kwamba maisha ni mepesi. Moshi unaumiza macho, na wapo madereva wasiorudi kulipa. Hata hivyo jirani yake akiuguliwa, yeye husimamia majiko yote mawili, na mauzo ya jirani huyatenga kwenye kopo lake, shilingi huku, kwacha huku.

Wiki ijayo: wauguzi wa Hospitali ya Misheni Mbozi.