Nyimbo za Krismasi na Maswali ya Watoto

Leo tutasoma wimbo. Msishangae. Wimbo ni maandishi kama ilivyo barua, ila wengi wetu tulijua nyimbo nyingi kabla ya kujua herufi hata moja. Kwa hiyo maneno yake hupita kinywani upesi, wala hatuyatazami.

Nimechagua nyimbo za Krismasi. Kila Desemba watoto huziimba kanisani, shuleni na njiani, na wazazi Wakristo hutaka watoto wao waijue imani kwa nyimbo hizo. Ninyi mlio Waislamu katika darasa hili, tafadhali msituache. Kumfundisha mtoto kwa mifano ni kazi ya kila mzazi, na mbele kidogo tutafika penye ubani, ambao baadhi yenu mwaujua vizuri kuliko mimi.

Basi tuanze. Mwite mtoto wa miaka saba akuimbie wimbo wa Krismasi. Ataimba beti zote bila kukosea. Akimaliza, mwulize, "Mwanangu, hori ni nini?" Huenda akanyamaza, au akasema hori ni kitanda. Hana kosa. Ameshika sauti tu, kwa kuwa hakuna mtu aliyemwonyesha kitu chenyewe.

Hori ni chombo cha kulishia wanyama. Pengine ni gogo lililochimbwa, pengine sanduku la mbao, na huko Palestina ya kale nyingine zilichongwa katika jiwe. Mtoto wa mlimani Kilimanjaro, ambako ng'ombe wengi hufungwa nyumbani na kuletewa majani, ataelewa mara moja. Mtoto wa mjini hana budi kuonyeshwa. Mpeleke penye ng'ombe au mbuzi, mwache aliguse hori kwa mkono wake, anuse na harufu yake. Kisha mwambie, "Hapa ndipo mama yake Yesu alipomlaza mtoto wake, maana hapakuwa na nafasi kwingine." Maneno hayo machache yatamfaa kuliko mahubiri ya saa nzima.

Sasa fungueni Injili ya Luka, sura ya 2, mstari wa 12. Tafuteni neno "ishara". Mmeliona? Ishara ni kitu kionekanacho ambacho hutuonyesha jambo lisiloonekana. Moshi ni ishara ya moto. Bendera nyeusi, kwa watu wengine, ni ishara ya msiba. Na katika mstari huo malaika anawaambia wachungaji kwamba ishara yao itakuwa ni mtoto aliyelazwa horini. Kwa hiyo hori si pambo lililotiwa na watunzi wa nyimbo. Limo katika Injili yenyewe, na limo kama ishara. Wachungaji waliambiwa kwamba Mwokozi amezaliwa, wakapewa alama ya kumtambua, na alama hiyo ilikuwa chombo cha kazi yao wenyewe.

Tena liko jambo lingine zuri. Jina Bethlehemu, kwa Kiebrania, maana yake ni nyumba ya mkate. Mtoto amelazwa mahali pa chakula, katika mji wa mkate, na alipokuwa mtu mzima alisema yeye ndiye mkate wa uzima. Mtoto mkubwa kidogo atafurahi kuyaunganisha haya mwenyewe, nawe umwache ayaunganishe. Usimfanyie kila kitu.

Martin Luther, mwalimu wa dini wa Ujerumani, alilijua jambo hili. Wimbo wake wa Krismasi wenye beti 15, uliochapwa mwaka 1535, husemekana kuwa aliutunga kwa ajili ya watoto wake mwenyewe. Tazameni jinsi ulivyopangwa. Kwanza malaika anasema kwamba ameleta habari njema. Halafu wanaoimba wanaenda pamoja na wachungaji, wanatazama ndani ya hori, na wimbo unauliza ni nini kilichomo, na mtoto huyu ni wa nani. Mwishoni mwimbaji anamwomba mtoto Yesu ajitandikie kitanda moyoni mwake. Hori limekuwa moyo. Luther hakuanza na moyo, maana mtoto hauoni moyo. Alianza na kitu kinachoonekana, akauliza swali, ndipo akaingia ndani. Nadhani hakuna mwalimu aliyepata njia bora kuliko hiyo.

Lakini maswali yana hatari yake, nayo ni kwamba mtoto naye atauliza. Uko wimbo mmoja wa mtoto aliyelala horini ambao shule nyingi za Jumapili huuimba. Ulianza kuchapwa Marekani katika miaka ya 1880, ukaitwa wimbo wa Luther, ingawa katika maandishi ya Luther haumo. Wimbo huo wasema kwamba mtoto Yesu alipoamshwa na ng'ombe hakulia. Siku moja mtoto wako atakutazama usoni akuulize, "Je, Yesu hakulia kabisa alipokuwa mtoto mchanga?"

Utamjibu nini? Wazazi wengine husema, "Nyamaza, usiulize mambo ya Mungu." Wengine husema ndiyo, hakulia, kwa sababu alikuwa Mungu. Majibu yote mawili ni mabaya, na la pili ni baya zaidi. Imani ya Wakristo ni kwamba alikuwa mtu kweli kweli. Aliona njaa, alichoka, na Yohana katika sura ya 11 anaandika kwamba alilia machozi kaburini kwa Lazaro. Mtoto mchanga asiyelia hata kidogo ni mtoto ambaye mkunga humwogopea. Basi mwambie mwanao, "Injili haisemi hivyo. Mtunzi wa wimbo aliliongeza neno hilo ili liwe tamu. Nadhani Yesu alilia kama wewe ulivyolia, na Mariamu akambembeleza kama nilivyokubembeleza." Kwa jibu hilo umemfundisha fundisho kubwa la Krismasi, nalo ni kwamba Mungu alikuja katika mwili wetu wenyewe.

Hapa ndipo kusoma kunapotufaa. Zamani mlipokuwa hamjui kusoma, ilikuwa lazima mkubali yote mliyoambiwa, yaliyoandikwa na yaliyoongezwa. Sasa mwaweza kufungua kitabu na kuuliza: neno hili limeandikwa, au mtunzi ameliongeza? Si dhambi mtunzi kuongeza. Ng'ombe na punda wanaochorwa kando ya hori hawamo katika Luka wala Mathayo. Watu waliwatoa katika Isaya sura ya 1, mstari wa 3, panaposemwa kwamba wanyama hao wamjua bwana wao. Ni mfano mzuri, tena una maana. Lakini mzazi na ajue ni mfano.

Twende sasa penye ubani. Mwaka 1857, John Henry Hopkins wa Marekani alitunga wimbo wa wafalme watatu wanaoifuata nyota. Soma Mathayo sura ya 2. Je, wafalme wamo? Hawamo, wametajwa mamajusi, yaani wataalamu wa mashariki. Watatu je? Hesabu yao haikuandikwa. Zawadi ndizo tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Watu wa kale walihesabu zawadi wakapata idadi ya watu, na wafalme wakawatoa katika Zaburi na Isaya, panapotajwa wafalme wanaoleta mali.

Hata hivyo wimbo huo ni mwalimu hodari, maana kila zawadi ina ubeti wake na maana yake. Dhahabu ni kwa ajili ya mfalme. Uvumba hufukizwa katika ibada, basi unasema kwamba mtoto huyu ni wa kuabudiwa. Na manemane? Hapa watoto wa Ulaya hukwama, kwa sababu manemane hawajaiona. Sisi hatuna udhuru huo. Ubani, ndio uvumba wenyewe, hutoka Uarabuni kusini, hasa Omani, na pwani ya Somalia. Wenyeji hukata ganda la mti, utomvu ukatoka kama machozi, ukakauka. Manemane hupatikana vivyo hivyo, katika miti midogo yenye miiba ya Somalia, Ethiopia na kaskazini mashariki ya Kenya. Pwani yetu watu hufukiza ubani katika maulidi na nyumbani. Chukua punje moja dukani, itie juu ya kaa la moto, mwambie mtoto atazame moshi ukipanda. Atakumbuka.

Manemane ni chungu. Katika Yohana sura ya 19, Nikodemo alileta manemane na udi kwa ajili ya kuuzika mwili wa Yesu. Basi zawadi ya tatu yasema juu ya kifo, nayo ililetwa kwa mtoto mdogo. Je, tumwambie mtoto habari hiyo siku ya sikukuu? Kwa maoni yangu, mtoto wa miaka minne yatosha ajue dhahabu, kwamba Yesu ni mfalme. Mwenye miaka tisa au kumi amekwisha kuona mazishi nyumbani au kwa jirani. Huyo mwambie. Akiona kwamba mambo ya furaha na mambo ya msiba yameingia katika wimbo mmoja, hatadhani kwamba imani ni ya siku za pilau tu.

Wengine mtauliza kama wimbo mmoja waweza kufundisha yote. Hauwezi, wala haifai kuulazimisha. Bibi mmoja wa Ireland, Cecil Frances Alexander, mwaka 1848 alitoa kitabu cha nyimbo za watoto wadogo ili kuwaeleza Imani ya Mitume kipande kwa kipande. Palipo na neno la Muumba wa mbingu na nchi, akatunga wimbo wa maua na ndege. Palipo na neno la kusulibiwa, akatunga wimbo wa kilima. Penye kuzaliwa na Bikira Mariamu, akatunga wimbo wa Krismasi wa mji wa Daudi, ambao tangu mwaka 1919 hufungua ibada ya Krismasi ya King's College huko Cambridge. Wimbo mmoja, neno moja.

Na mambo ya nchi za baridi? Waingereza wana wimbo wa kale wa mti wenye majani ya miiba na matunda mekundu. Miiba hukumbusha taji la Yesu, na wekundu hukumbusha damu yake. Mtoto wa Dodoma hajauona mti huo, lakini mgunga anaujua, na mwiba wake umekwisha kumchoma. Tumia mgunga. Wekundu nao tunao, maana katika Desemba mti ule ambao watu wengi wa Tanzania huuita mkrismasi huwaka maua mekundu kila upande. Ila mwambie mtoto, "Mfano huu tumeuchagua sisi." Usimwambie kwamba maua hayo yaliwekwa mekundu kwa sababu ya Krismasi, maana kesho atayakuta yamechanua siku nyingine.

Nalisema hili kwa sababu kuna hadithi inayozunguka sana. Uko wimbo wa Kiingereza wa siku kumi na mbili za Krismasi, wa kuhesabu zawadi, tangu kwale mmoja juu ya mti hadi wapiga ngoma kumi na wawili. Husemwa kwamba Wakatoliki wa Uingereza waliutunga kwa siri wakati wa mateso, ili kuwafundisha watoto dini: kwale ni Yesu, ndege wawili ni Agano la Kale na Jipya, ndege wanne ni Injili nne, kumi ni amri kumi. Hadithi yapendeza, lakini haina ushahidi. Wimbo ulichapwa London mwaka 1780 katika kitabu cha michezo ya watoto, na hadithi ya siri ilianza kuandikwa karibu miaka 200 baadaye. Tena fikirini wenyewe: Waprotestanti nao walikuwa na Injili nne na amri kumi. Kulikuwa na haja gani ya kuzificha?

Waweza kuutumia wimbo huo kuhesabia mafundisho, kama vile wengine wanavyotumia vidole. Lakini ukimwambia mwanao kwamba ni siri ya mashahidi wa dini, naye akaja kusoma mwenyewe kwamba si kweli, atarudi kukuuliza juu ya hori, na nyota, na kaburi lililo wazi. Atauliza kama nayo uliyasikia tu. Siku hiyo ni heri uweze kumfungulia ukurasa.

Kazi ya juma hili ni hii. Chagueni wimbo mmoja wa Krismasi mnaoujua kwa moyo. Uandikeni polepole katika daftari, ubeti kwa ubeti. Pigeni mstari chini ya kila kitu kinachoonekana: nyota, hori, kondoo, mwanga. Kisha fungueni Luka 2 na Mathayo 2, mtie alama ya msalaba kando ya kila kitu mlichokikuta humo. Vile msivyovikuta, viacheni bila alama. Kiongozi wa darasa atayasoma madaftari juma lijalo, na kama mtoto wenu ameuliza swali lililowashinda, liandikeni nalo chini ya ukurasa.