Kijana akitoka makao ya watoto, nani hukagua daftari la anayemsaidia?

Kila mwaka, Krismasi ikikaribia au Ramadhani ikiwa katikati, vikundi vya wafanyabiashara wa mipakani huchangishana. Iwe Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo, utaratibu haupishani sana. Hununuliwa katoni za sabuni, magunia ya unga na mchele na madumu ya mafuta, mzigo hupelekwa kwenye makao ya watoto, hupigwa picha ya pamoja, kisha watu hurudi dukani. Mchango huo si wa kubezwa. Watoto hula.

Asiyeonekana kwenye picha ni yule aliyetoka mwaka jana. Kwa sheria za Tanzania na Kenya, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na makao yaliyosajiliwa kulea watoto hayakukusudiwa kumlea mtu mzima. Siku yake ikifika, kijana huondoka na begi lake. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, au hawana ndugu wa kuthibitisha walikozaliwa, kwa hiyo kitambulisho cha taifa huwa kazi ngumu kukipata. Bila kitambulisho, kufungua akaunti ni shida, kusajili laini ya simu kwa jina lake ni shida, na kuvuka mpaka kwa njia halali ni shida zaidi. Baadhi yao huishia masokoni wakibeba mizigo ya watu wasiojua walikotoka.

Idadi yao haitapungua karibuni. Rwanda ilianza mwaka 2012 kuwaondoa watoto kwenye vituo na kuwarudisha katika familia. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuhamishia malezi kwenye familia na jamii. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, uliopitishwa mwaka 2009, unataka kijana aandaliwe mapema kabla ya kutoka na asindikizwe baada ya kutoka.

Kazi hiyo ya kusindikiza huangukia zaidi mashirika ya hisani, na yanapomwandikia mfanyabiashara hayaombi unga. Yanaomba fedha za kodi ya chumba, ada ya chuo cha ufundi au mtaji wa kuanzia. Hapo ndipo mchangiaji anapohitaji jicho jingine, kwa sababu unga ukishatolewa biashara imekwisha, lakini kijana aliyeambiwa atalipiwa chuo miaka mitatu anadai. Shirika lililompa ahadi hiyo limekopa, hata kama deni hilo halionekani kwenye mizania.

Mfano mkubwa wa deni la namna hiyo kushindwa kulipwa hauko Afrika Mashariki bali London. Shirika la Kids Company lilianzishwa mwaka 1996 na Camila Batmanghelidjh kusaidia watoto na vijana walioishi katika dhiki mijini. Lilijulikana kwa kutomfukuza yeyote aliyebisha hodi. Mawaziri walilisifu na watu maarufu walilichangia. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilikokotoa baadaye kuwa lilipata angalau pauni milioni 42 kutoka serikalini kwa miaka iliyopita. Mwishoni mwa Julai 2015 serikali iliongeza pauni milioni tatu, ingawa maofisa wake walikuwa wameonya kwa maandishi. Siku chache baadaye, Agosti 5, milango ilifungwa. Vijana waliozoea kupata chakula, mshauri na nauli pale walikuta geti limefungwa.

Ni rahisi kusema fedha ziliibwa, na wengi walisema hivyo. Haikuthibitika. Polisi walichunguza madai kuhusu usalama wa watoto, yaliyotokea katika wiki za mwisho na kuwakimbiza wafadhili, na hawakupata ushahidi. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuwapiga marufuku viongozi wake kuongoza kampuni. Mwaka uliofuata, tume inayosimamia mashirika ya hisani ilieleza kuwa haikuona udanganyifu. Ilichorekodi ni uendeshaji mbaya: wadai hawakulipwa kwa wakati, wakiwamo wafanyakazi wa shirika lenyewe na mamlaka ya kodi. Huduma ilikua kwa kufuata mahitaji, na akiba ikabaki ndogo mno.

Kwa mtu wa duka, hilo linaeleweka bila mhasibu. Ni duka linalouza sana, linakopesha kila mteja, halina akiba, na mwenye mali anategemea mzigo unaofuata ulipe madeni ya mzigo uliopita. Siku moja mzigo unachelewa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa shirika lolote linalosaidia vijana hawa ni hili: fedha zikikatika leo, mtaendelea miezi mingapi? Wakaguzi wengi hupenda kuona akiba ya miezi mitatu hadi sita. Akiba hiyo iwe ya matumizi huru. Fedha ambazo mfadhili amezifunga kwa ununuzi wa cherehani haziwezi kulipa kodi ya chumba, hata zikiwa nyingi benki. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi barani Afrika yaligundua ndani ya wiki moja kuwa mfadhili mkubwa mmoja ni sawa na mteja mkubwa mmoja. Kuna pia suala la sarafu. Shirika linalopokea dola na kutumia shilingi linacheza na bei ya ubadilishaji kila mwezi, jambo ambalo watu wa Busia hawahitaji kufundishwa.

Swali la pili ni la bodi, na hapa ndipo mashirika madogo ya kwetu huchechemea zaidi. Mengi yalianzishwa na mtu mmoja mwenye huruma, mara nyingine yeye mwenyewe alikulia kwenye makao. Mwanzilishi ni mkurugenzi, mkewe au mumewe ni mweka hazina, mchungaji au shehe wa jirani ni mwenyekiti. Hakuna kosa katika undugu wenyewe. Kosa huanza siku mwanzilishi anapotaka kuwachukua vijana 20 zaidi na hakuna mtu mezani wa kumwambia fedha hazitoshi. Kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza Kids Company mwaka 2016 iliwatupia wadhamini lawama nzito kwa kushindwa hapo hapo, wakati baraza lao lilikuwa na watu wenye majina makubwa. Muhtasari wa vikao vitatu vya mwisho huonyesha mengi kuliko majina ya wajumbe: je, kuna ombi hata moja lililokataliwa? Na je, kuna mjumbe ambaye mwenyewe alitoka makao, mwenye kura na si wa kupigiwa picha?

Kuna kosa moja ambalo wachangiaji hulifanya kwa nia njema. Wakiona kwenye hesabu kuwa sehemu kubwa ya fedha imekwenda kwenye mishahara, hukasirika na kufunga pochi. Kwa kituo cha chakula wana hoja. Kwa shirika la vijana hawa, mshahara mara nyingi ndiyo huduma yenyewe. Kijana anachokosa zaidi ya godoro ni mtu mzima wa kumpigia simu anapofukuzwa kazi, mtu wa kwenda naye ofisi ya vitambulisho mara ya nne, mtu wa kumdhamini kwa mwenye nyumba. Mtu huyo hula na hulipa kodi kama wengine. La kuuliza ni vijana wangapi wako mikononi mwake na wangapi kati ya waliotoka miaka miwili iliyopita bado anajua wanapoishi. Kids Company ilitangaza kuwa inawafikia watu 36,000, lakini ilipofungwa, majina yaliyokabidhiwa halmashauri hayakufika 2,000. Takwimu ya “tuliowafikia” ni nyepesi kuandika. Orodha ya wanaopatikana kwenye simu ni ngumu kuibuni.

Halafu kuna upande ambao wafanyabiashara hawapendi kuzungumzia, kwa kuwa wao ndio wauzaji. Shirika linanunua cherehani kumi. Taratibu za mfadhili zinataka ankara za bei kutoka maduka matatu. Mwenye duka mmoja anaombwa aandike zote tatu kwa mihuri tofauti, au aandike risiti ya mashine kumi akitoa saba. Faida ya siku hiyo ni nzuri. Lakini vijana watatu hawatapata cherehani, na jina lililo kwenye risiti ni la duka, si la shirika. Mkaguzi akija, huanza na muuzaji. Dalili nyingine ya kuangalia ni shirika linalopanga nyumba ya mkurugenzi wake au linalonunua kila kitu kwa ndugu yake. Si lazima iwe wizi, lakini iwe imeandikwa na mhusika awe ametoka kikaoni wakati wa uamuzi.

Nyaraka za kuthibitisha haya zipo, maana sheria zinazidai. Tanzania, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 na marekebisho ya 2019 inataka taarifa ya kila mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa zifike kwa Msajili. Kenya ilianza kutumia sheria yake mpya ya mashirika ya manufaa ya umma Mei 14, 2024, ikaunda mamlaka mpya ya kuyasimamia. Uganda ina sheria ya mwaka 2016, na usimamizi umehamishiwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwa mchangiaji wa mpakani jambo muhimu ni kwamba cheti cha upande mmoja hakitoshi kukusanya fedha upande wa pili. Anayeleta kitabu cha michango ng’ambo ya mpaka aulizwe usajili wa pale alipo.

Shirika linalosema hesabu zake ni siri limeshajibu swali. Linalosema bado halijakaguliwa kwa kukosa fedha za mkaguzi lisikilizwe, kwani ukaguzi ni ghali kwa asasi ndogo. Kikundi cha wafanyabiashara chenye mtunza vitabu mzuri kinaweza kutoa siku zake mbili badala ya katoni za sabuni, akae na daftari, taarifa za benki na stakabadhi, na aandike anachokiona.

Mkakati wa Kenya unamalizika mwaka 2032. Mtoto aliyekuwa na miaka minane ulipozinduliwa atatimiza 18 mwaka huo huo.