Mmea unaokula wadudu: utatusaidia kwenye pamba?

Vijana kadhaa hapa Bariadi wameniuliza: "Afisa, ule mmea wa kwenye video unaokula wadudu tunaupata wapi? Tuupande kuzunguka pamba, tuachane na gharama za sumu." Swali zuri, maana bei ya sumu inauma. Ila kabla hujamtumia mtu wa mtandaoni hela yako, soma hapa.

Ni mmea gani?

Jina la kitaalamu ni Nepenthes. Ncha ya jani hurefuka kama kamba, na mwisho wa kamba huota mtungi wenye majimaji. Mdomo wa mtungi una utamu na unateleza, hasa ukilowa. Mdudu akija kulamba anatumbukia, anazama, kisha anayeyushwa. Mmoja wa wakubwa, Nepenthes rajah, huota milimani kisiwani Borneo, Malaysia, kuanzia mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Mtungi wake mmoja unaweza kubeba zaidi ya lita 3! Jamaa zake walio karibu nasi wako Madagaska na Shelisheli.

Kwa nini haufai shambani kwako

1. Umezoea ukungu na unyevu mwaka mzima. Kiangazi chetu cha Simiyu utakauka.

2. Hauchagui adui. Unanasa zaidi sisimizi na nzi. Funza wa vitumba anakula ndani ya kitumba, hana safari ya kwenda mtungini. Sisimizi ndio wanaokula mayai ya funza, yaani utakuwa unaua askari wako mwenyewe.

3. Sheria. Rajah analindwa na mkataba wa CITES. Biashara ya waliochimbwa porini imepigwa marufuku. Na mmea wowote kutoka nje unahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA).

Somo lenyewe liko hapa

Mmea huu unanasa wadudu kwa sababu udongo wake ni maskini, nitrojeni ni kidogo. Rajah ana mbinu nyingine tena: mnyama mdogo anayefanana na kindi hukaa juu ya mtungi akilamba utamu, na kinyesi chake kinadondokea ndani. Hiyo ni samadi, ndugu yangu! Mmea umejijengea choo ili upate mbolea, sisi tuna mazizi yamejaa na luseni yetu inalia njaa.

Kwa hiyo fanya haya:

- Majani ya chini yakianza kuwa njano kabla ya yale ya juu, shuku upungufu wa nitrojeni.
- Sambaza samadi iliyoiva kabla ya kulima.
- Badilisha pamba na choroko au dengu. Mizizi yake huongeza nitrojeni.
- Kagua pamba kila wiki: funza, chawajani, vidukari. Piga sumu ukiona wadudu wamefikia kiwango cha kupiga, usipige kwa mazoea. Hapo ndipo gharama inapungua kweli.
- Baada ya kuvuna, ng'oa na kuchoma masalia.

Hiyo hela ya mtungi kodia mkokoteni wa kubebea samadi. Na kuhusu kiwango cha kupiga, muone afisa ugani wa kata yako mkakague pamoja shambani.