Je, Wajua? Kundi la Damu Linaweza Kubadilika

Mtu aliyezaliwa na kundi O anaweza kuishi maisha yake yote yaliyobaki akiwa na kundi A. Hutokea anapopandikizwa uboho wa mtu wa kundi A. Seli shina za mtoaji, yaani seli za uboho zinazotengeneza damu, huingia kupitia mshipa, hujitafutia njia hadi ndani ya mifupa, kisha huanza kutengeneza damu mpya ya kundi la mtoaji.

Upandikizaji huu unaweza kuponya selimundu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, huwafanyia watoto upandikizaji huo. Kazi ni kumpata mtoaji: ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 tu kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa.

Damu ya kitovu nayo ina seli shina, na haidai ulinganifu mkali kiasi hicho. Mwaka 1988, jijini Paris, Dkt. Eliane Gluckman alimpandikiza mvulana wa Marekani damu ya kitovu cha dada yake mchanga. Akapona ugonjwa wake wa damu. Inasikitisha kwamba vitovu vingi hutupwa! Ila damu ya kitovu kimoja ni kidogo, na mara nyingi haimtoshi mtu mzima.

La ajabu zaidi, hata seli za ngozi zinaweza kugeuzwa kuwa seli shina. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka wa Japani alitumia jeni 4 kuzirudisha seli za ngozi ya panya katika hali ya uchanga, ziweze kuwa seli za moyo, neva au jicho. Kwa njia hiyo, mwaka 2014, mama mzee wa Kijapani alipandikizwa jichoni seli zilizotokana na ngozi yake mwenyewe.